Barua ya wazi kwa mnaotuita tuwashauri: toeni madokezo yetu, na mtujibu

Kwenu waheshimiwa mawaziri, makatibu wakuu, wakurugenzi wa sera, na nyie wakuu wa vyuo vikuu msijifanye hamjatajwa,

Salaam. Mimi ni mhadhiri wa uchumi, miaka kumi na kitu sasa nafundisha, nasahihisha mitihani, nakimbizana na majarida, na katikati hapo niliazimwa wizarani miaka miwili na miezi kadhaa nikawa mshauri wa sera, halafu nikarudi chuoni na mvi ambazo sikwenda nazo. Sitaji ofisi wala mtu, mkijiona humu ni nyie wenyewe mmejiona. Naomba kitu kimoja tu na nakisema mapema ili wenye vikao wasome hapa waondoke: ushauri wa kiuchumi mnaotuomba muuweke hadharani, mzima mzima kama tulivyouandika, na chini yake mwandike mmekubali nini, mmekataa nini na kwa nini. Basi. Huko chini naeleza tu kwa nini nimefika hapa.

Najua barua za wazi za wachumi hazina historia ya kujivunia. Mwaka 1930 wachumi 1,028 wa Marekani walimsihi rais Herbert Hoover asisaini ule muswada wa Smoot-Hawley wa kupandisha ushuru wa forodha, akausaini Juni mwaka huohuo utadhani hakupata kitu. Mwaka 1981 wengine 364 Uingereza walitoa tamko gazetini kuipinga bajeti ya serikali ya Margaret Thatcher, serikali ikaendelea na yake, na ubishi wa nani alikuwa sahihi haujaisha mpaka leo, maana uzalishaji uliacha kushuka karibu muda uleule ila wasio na kazi wakapita milioni 3 mwaka uliofuata. Lakini huo ubishi wenyewe unawezekana kwa sababu tamko lipo! Yeyote anaweza kulisoma leo akasema hapa walipatia, hapa walichemka. Mimi nilichoandika wizarani hakuna anayeweza kukisoma, hata mimi mwenyewe sitakiwi kuwa na nakala.

Sasa nianze na dokezo. Nililiandika wiki tatu, kurasa 31, kuhusu kupandisha kiwango cha kodi kwenye bidhaa moja hivi. Wakubwa walikuwa wanahitaji hela, na walikuwa wameshapiga hesabu yao, kodi ikipanda asilimia 10 basi makusanyo nayo yanapanda asilimia 10, imeisha hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha kwamba haiendi hivyo, na wala hesabu yenyewe sio ya PhD: ukipandisha kiwango kwa asilimia 10 na watu wakapunguza kununua kwa asilimia 8, makusanyo yanapanda kwa asilimia 1.2 tu, maana 1.10 mara 0.92 ni 1.012. Na watu wakishapata muda wa kuzoea, wakapata mbadala, wakapata na njia za panya, ile 8 ikifika 10 unakusanya pungufu ya ulichokuwa unakusanya kabla hujaanza kusumbua watu. Kurasa karibu zote zilizobaki zilikuwa zinajaribu kukadiria hiyo 8 ni ngapi kweli, kwa data tulizonazo, na kusema wazi hatuna uhakika kiasi gani.

Dokezo likapanda ngazi. Kwa mkurugenzi likawa kurasa 4, kwa mtu wa juu yake ukurasa mmoja, lilipofika kwa mheshimiwa lilikuwa nusu ukurasa wenye herufi kubwa. Sentensi yangu ya hitimisho ilisema mapato yataongezeka mwaka wa kwanza, koma, lakini kwa kiasi kidogo sana kuliko inavyotarajiwa, na kuanzia mwaka wa pili yanaweza kushuka. Kule juu ilikuwa inaishia kwenye "mwaka wa kwanza". Nukta. Ile koma ilikuwa imegeuzwa nukta, na nimefundisha uchumi miaka yote hii sijawahi kuona alama ya uandishi iliyogharimu serikali hela nyingi vile.

Siku ya kutangaza nilikuwa ukumbini, mstari wa nyuma, faili mapajani, nikasikia "wataalamu wetu wamefanya uchambuzi wa kina na wamejiridhisha". Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Mwaka wa pili makusanyo yaliposhuka ikawa "wataalamu walitushauri vibaya", na rafiki yangu tuliyesoma naye akanitumia ujumbe, we si ulikuwa hapo hapo, mlikuwa mnafanya nini? Nikaandika jibu refu nikalifuta. Ningemwambia nini, dokezo lina muhuri wa SIRI kila ukurasa.

Mtaniuliza mbona sikusema kitu siku nilipoiona ile nukta. Swali zuri, na jibu lake halinipendezeshi. Nilikuwa napenda kuitwa. Mhadhiri anazoea kuongea na watu hamsini ambao nusu wanaangalia simu, halafu siku moja simu inalia saa mbili usiku, mheshimiwa anataka kujua mfumuko wa bei utakuwaje robo ijayo, unajikuta umesimama wima peke yako sebuleni kama vile anakuona. Ukishaonja hiyo unaanza kupima maneno, unajiambia hili nitalinyamazia ili lile kubwa linalokuja wanisikilize, na lile kubwa likija unakuta na lenyewe unalinyamazia. Wenzangu wengi waliopita huko wanaijua hii ila hawaisemi. Sheria ya kuchapisha ingenisaidia hata mimi dhidi ya mimi mwenyewe, kwa sababu ningejua kurasa zote 31 zitasomwa na wanafunzi wangu.

Kuna mtu namfikiria sana kwenye hili, Arthur Lewis. Alizaliwa Saint Lucia, akawa profesa Manchester, na mwaka 1957 Ghana ilipopata uhuru akaenda kuwa mshauri wa uchumi wa Kwame Nkrumah. Hakumaliza hata miaka miwili, mwisho wa 1958 akaondoka, waligombana kuhusu mpango wa maendeleo, Lewis akiona miradi mingine ni ya sifa na hela zinapotea. Baadaye, mwaka 1979, akapata Nobel. Watu wakiisimulia hii stori huwa wanaisimulia kama ya mtaalamu mwenye akili na mwanasiasa mkaidi, mimi naisoma tofauti kidogo. Nkrumah alimjibu kwa barua, akamwambia ushauri wako unaweza kuwa mzuri kwa upande wa uchumi lakini siwezi kuufuata kila mara, mimi ni mwanasiasa na inabidi nibahatishe kwa ajili ya kesho. Yaani kakataa, kaandika amekataa, kaandika na sababu! Unaweza kutokubaliana na Nkrumah mpaka asubuhi lakini unajua uamuzi ulikuwa wa nani. Ningepata barua kama ile kutoka kwa mkubwa wangu mmoja tu ningeiwekea fremu.

Na msidhani naandika haya kwa sababu nina uhakika nilikuwa sahihi. Hapa ndo penyewe hasa, naomba msome taratibu.

Kama mwaka mmoja baada ya kurudi chuoni nilichukua zile takwimu za mauzo nilizotumia, ambazo zenyewe ni za wazi, nikawapa wanafunzi wa mwaka wa tatu kama zoezi, wakadirie watu wanapunguza kununua kiasi gani bei ikipanda. Mwanafunzi mmoja wa kike, mkimya, anakaa karibu na dirisha, akaja ofisini na karatasi yake, akasema dokta mimi sipati jibu lako, nimerudia mara nne. Nikamwambia arudie ya tano. Akasema basi naomba nione faili lako wewe. Nikafungua Excel nikiwa na kile kiburi cha mwalimu, tukashuka mstari kwa mstari, yeye ndo akaona: mstari wa 47, robo ya tatu ya mwaka mmoja, nilikuwa nimeibandika mara mbili. Kosa la kubandika tu, la usiku, la mtu aliyechoka. Tukaifuta ile ya ziada, na jibu likasogea. Watu walikuwa wanapunguza kununua zaidi ya nilivyoandika. Maana yake hata mwaka wa kwanza mapato yasingeongezeka. Kwa hiyo ile nusu ya sentensi yangu waliyoibakiza kule juu, ile ndo iliyokuwa na kosa, na ile waliyoikata ndo iliyokuwa nzima.

Sikulala vizuri siku hiyo. Kesho yake nikaandika ukurasa mmoja wa marekebisho nikaupeleka ofisi niliyotoka, nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba suala hilo limeshafungwa.

Mnaona shida? Dokezo la siri lilificha ushauri, sawa, lakini lilificha na kosa, na kosa langu lilikaa ndani ya faili lenu miaka likifanya kazi. Hili limewakuta wakubwa kuliko mimi. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, watu wazito kabisa kwenye fani, walitoa makala iliyosema nchi ambazo deni la serikali limepita asilimia 90 ya pato la taifa ukuaji wa uchumi wake kwa wastani ni hasi asilimia 0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliokuwa wanataka kubana matumizi wakaidaka ile 90 kama andiko takatifu. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi tu wa PhD pale Massachusetts Amherst, alipewa zoezi darasani la kurudia hesabu za makala yoyote maarufu, akashindwa kupata jibu lao, akawaomba faili, akapewa, akakuta fomula ya wastani imeacha mistari mitano, nchi tano nzima nje. Akishirikiana na walimu wake wawili akaonyesha kwamba ukirekebisha hilo na pia miaka iliyoachwa na namna nchi zilivyopewa uzito, wastani unakuwa asilimia 2.2. Wenyewe walikubali kosa la Excel, hayo mengine wakayabishia, na ubishi ni halali yao. Ila kilichoniuma nilipoikumbuka hiyo stori ni kwamba makala yao ilikuwa wazi kwa dunia nzima na bado ilichukua miaka mitatu kosa kuonekana. Sasa lililo kwenye faili lenye muhuri litaonekana lini? Nani atalirudia?

Najua hoja mtakayoleta, nimeshaisikia kwenye korido: ushauri ukiwekwa wazi washauri wataogopa, wataandika vitu vya kupendeza watu. Nendeni mkawaulize Wajerumani. Wana baraza la wataalamu wa uchumi, lipo kwa sheria ya mwaka 1963, watu watano ambao wananchi wamezoea kuwaita wenye hekima watano, wengi wao maprofesa. Ripoti yao inatoka kila Novemba na inachapishwa, na serikali inabanwa na sheria iijibu ndani ya wiki 8. Mjumbe asiyekubaliana na wenzake anaandika maoni yake humohumo, kwa jina lake. Na kuna kipengele nakipenda sana, sheria haiwaruhusu kupendekeza hatua moja moja za sera, wao wachambue hali na hatari na njia zilizopo, kuamua ni kwa waliopigiwa kura. Hapo hakuna wa kusema "wataalamu wameamua". Uholanzi nao wana ofisi ya uchambuzi iliyoanza mwaka 1945 chini ya Jan Tinbergen, huyu ndo aliyepata Nobel ya kwanza kabisa ya uchumi mwaka 1969 pamoja na Ragnar Frisch, na kuanzia uchaguzi wa 1986 vyama vinapeleka vyenyewe ilani zao pale zipigiwe hesabu kabla ya kura, matokeo yanatoka hadharani, chama kikibugi kinabugi mbele ya kila mtu. Hawajafa kwa hilo.

Vipo vya kufichwa, sibishi. Mkipanga kushusha thamani ya sarafu au kubadilisha ushuru usiku wa kuamkia kesho, ukivujisha leo wajanja watakuwa wameshahamisha hela na kujaza maghala. Ficheni mpaka siku mnayotangaza. Mkishatangaza, toeni.

Sasa nyie wakuu wa vyuo. Niliporudi nilijaza fomu ya kupandishwa cheo, nilikuwa nategemea kuwa profesa mshiriki. Ina sehemu ya makala kwenye majarida, ina sehemu ya vitabu, ina sehemu ya wanafunzi uliowasimamia, na miaka yangu miwili na ushee ya wizarani ikaangukia "huduma kwa jamii", mistari miwili, sehemu ileile ambayo mwenzangu wa idara ya pili alijaza mbio za hisani. Kamati ikaniuliza, basi tuone hiyo kazi uliyofanya. Nikasema ni siri. Mzee mmoja akacheka kwa upole akasema sasa sisi tupime nini. Na alikuwa sahihi kabisa! Wenzangu waliobaki walikuwa wanafukuzia yale majarida matano makubwa, kule ambako makala moja inakula miaka kati ya kuituma, kurudishiwa, kurekebisha na kukubaliwa, lakini ikikubaliwa inakupandisha. Kijana mwenye akili akiangalia mimi na wao atachagua nini? Atabaki kuandika modeli safi kuhusu uchumi ambao hajawahi kuugusa, na nyie waheshimiwa mtabaki na washauri ambao hawana kwingine pa kwenda.

Na asiye na pa kwenda hakwambii ukweli, hili ni la kibinadamu tu. Baraza la washauri wa uchumi la rais wa Marekani, lile la mwaka 1946, lina watu watatu na kwa mazoea wanatoka vyuoni kwa ruhusa ya kama miaka miwili, kiti chao kinawasubiri. Martin Feldstein wa Harvard aliliongoza kuanzia 1982 chini ya Ronald Reagan, akawa anasema wazi kwamba nakisi ya bajeti ni kubwa mno, mpaka waziri wa fedha Donald Regan akawaambia maseneta kwamba kwa upande wake ile ripoti ya baraza wanaweza kuitupa. Feldstein hakunyamaza, na mwaka 1984 akarudi zake Harvard kufundisha. Keynes naye, yule mchumi wa Uingereza, Juni 1919, alipoona mkutano wa amani wa Paris unaibebesha Ujerumani fidia isiyolipika, alijiuzulu kazi ya wizara ya fedha ya kwao, akarudi chuoni Cambridge, na kabla mwaka haujaisha kitabu chake cha kuupinga mkataba kilikuwa madukani. Mwaka 1940 wizara ileile ikampa ofisi tena. Wangekuwa wanategemea ule mshahara kulipa kodi ya nyumba sidhani kama tungesikia lolote. Kwa hiyo wakuu wa vyuo tunzeni viti vya watu, na dokezo likishachapishwa lipelekeni kwa wasomaji wa nje walipime kama mnavyopima makala, mlipe alama zake. Likiwa la hovyo mlinyime.

Mimi cheo nimeshaacha kukihesabu miaka, na yule mwanafunzi wa dirishani nasikia ameitwa usaili kwenye ofisi moja ya serikali, kitengo cha sera. Alinipigia kuuliza kukoje. Nikamwambia aende, kazi yenyewe ni nzuri, na nilikuwa namaanisha, sijawahi kujifunza uchumi kwa kasi kama nilivyojifunza kwenye kile chumba cha mwisho ghorofa ya nne. Akauliza akiandika kitu kikabadilishwa huko juu afanye nini, na hapo sikuwa na jibu la kumpa.

Dokezo langu mnalo, kurasa 31, liko kwenye jalada lenu, na kodi yenyewe mlishaifuta kwa hiyo hakuna soko litakaloshtuka. Naomba litolewe. Na mkilitoa tafadhali mbandike na ule ukurasa mmoja wa marekebisho niliowaletea, nao mnao, unaanza na maneno "mstari wa 47".

Wenu,
mhadhiri aliyekaa ghorofa ya nne